Kiwanda huanza, fundi wa Tunduma humalizia

Mwaka 1976 reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia, na treni zikapita Tunduma, mji ulio mpakani mwa nchi hizo, zikielekea Kapiri Mposhi. Mwaka huohuo, huko Japani, Honda ilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa CG125. Reli ilipokewa kwa shangwe. Pikipiki hiyo hakuna aliyeijali mpakani. Lakini anayetoka Tunduma leo kwenda vijiji vya Momba, au kupanda milima ya Ileje, haulizi treni inapita saa ngapi. Anaita bodaboda.

CG125 ilizaliwa kutokana na udhaifu wa pikipiki zilizoitangulia. Injini nyingi za Honda za kabla yake ziliweka kemshafti, mhimili unaofungua valvu, juu kabisa, na oili ikipungua au kuchafuka, hapo ndipo chuma kilipoanza kulika. Wateja wa nchi maskini walizibebesha pikipiki mizigo mizito na kuchelewa kubadilisha oili, injini zikafa mapema. Wahandisi wakaishusha kemshafti chini, wakaweka fimbo za kusukuma valvu, na cheni wakaifungia ndani ya kasha zima ili vumbi na tope visiifikie.

Baadaye viwanda vya China, hasa vya jiji la Chongqing, viliinakili injini hiyo kwa wingi kuliko karibu injini nyingine yoyote ya pikipiki. Pikipiki zenye nakala hizo ndizo zilizofika Tanzania kwa majina kama SanLG, T-Better na Fekon, kwa bei ambayo kijana aliyeuza mahindi au kahawa ya Mbozi angeweza kuifikiria. Bei hiyo ilikuwa na gharama yake. Katika nyingi kasha la cheni liliondolewa, kikabaki kipande cha bati juu. Kinga ambayo Honda iliiweka kwa ajili ya barabara kama zetu ikapotea kabla pikipiki haijafika kwenye barabara hizo.

Kanuni za mwaka 2010 ziliruhusu rasmi pikipiki kusafirisha abiria kwa malipo, abiria mmoja kwa safari. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, vijiwe vya bodaboda vilikwishaenea kutoka Mlowo hadi mpakani. Chombo kilichobuniwa kwa watu wawili kikawa kinabeba mama na mtoto, gunia la mahindi, kreti za soda, na pale Tunduma, madereva wa malori wanaokimbizana na nyaraka huku foleni ikiwa imesimama.

Hapo ndipo kasoro zilipojitokeza moja baada ya nyingine. Keria ya kiwandani ya pikipiki hizo ni fupi na nyembamba, kwa hiyo fundi wa kuchomelea huirefusha kwa nondo. Stendi ya pembeni huzama kwenye tope, naye huiongezea kipande cha bati chini. Madigadi ya mbele haifiki chini vya kutosha, injini inarushiwa matope. Dereva hukata mpira wa tairi kuukuu na kuuning'iniza. Bomba la moshi liko upande wa kulia na kinga yake haitoshi, ndiyo maana dereva mwenye uzoefu humwambia abiria apande kwa kushoto asije akaunguza mguu.

Kasoro inayokera kuliko zote ni taa. Katika pikipiki nyingi za aina hii taa kubwa hupata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya injini, wala si kwenye betri. Ukikaza moto inang'aa. Ukipunguza mwendo inafifia. Kwa hiyo dereva anayeshuka mteremko gizani, au anayepita ukungu wa Mbozi asubuhi ya baridi, anakosa mwanga wakati uleule anapopaswa kwenda polepole. Ufumbuzi uliozoeleka ni kufunga taa za LED na kuziunganisha kwenye betri. Barabara inaonekana, lakini betri ndogo inachoka, na asubuhi stata haiitiki. Kiki ndiyo inayookoa.

Marekebisho mengi yana tabia hiyo ya kuhamisha tatizo. Keria ikirefushwa, mzigo unakaa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hautulii mlimani. Keria ikiimarishwa, ufa unahamia kwenye fremu. Cheni iliyo wazi ikipakwa oili chafu, inalainika kwa muda, kisha vumbi linaganda juu yake na kuisaga sproketi. Fundi anayajua haya yote, ila mteja amekuja na hela ya kuchomelea, hana ya fremu mpya.

Viwanda navyo vimekuwa vikijifunza. Boxer ya Bajaj kutoka India ilijipatia soko kubwa nchini, na mwaka 2013 TVS ikaleta Afrika aina yake ya HLX, iliyolenga barabara mbovu na mizigo. Viti virefu na keria pana sasa vinatoka kiwandani. Ukizitazama pikipiki hizi vizuri, unaona mambo ambayo mafundi wa vijiweni walikuwa wakiyafanya kwa nondo na moto.

Hata hivyo gharama ya kujifunza huko hailipwi na kiwanda. Dereva wa hesabu, anayempelekea mwenye pikipiki kiasi kilichopangwa, anadaiwa na tajiri huyo hata siku pikipiki iko gereji, na wa mkataba, anayelipa kidogokidogo hadi imilikiwe naye, ananunua spea za chombo ambacho bado si chake. Weldi ikiachia njiani, anayeanguka ni yeye na abiria wake. Trafiki atauliza leseni, kofia ngumu na idadi ya abiria. Ubora wa keria iliyochomelewa hauna anayeupima. Pikipiki za umeme nazo zimeanza kuingia Afrika Mashariki, zikiwa na betri zinazopaswa kuhimili mlima na gunia. Wanaoziunda wangepunguza hasara kama wangekaa kwanza na mafundi wa Tunduma, kabla ya kuwauzia madereva chombo kingine cha kumalizia.