Ukimya bandia katika programu za kuhesabu saa za kazi

Ukimya bandia ni kosa linalotokea pale programu ya kuhesabu saa za kazi inapomwandikia mfanyakazi kuwa amekaa kimya, ilhali yupo mezani na kazi inaendelea. Dakika hizo hupunguzwa kwenye jumla ya siku, na mahali ambapo malipo hufuata saa zilizorekodiwa, hupunguzwa kwenye mshahara. Kusini mwa mkoa wa Maniema nchini Kongo, huko Kasongo na Kabambare, mazingira ya kazi hulipa kosa hili nafasi kubwa: umeme wa sola na jenereta, intaneti inayokatika, kazi inayopita kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye kompyuta, na saa moja inayotenganisha mashariki ya Kongo na Kinshasa.

Jinsi ukimya unavyopimwa

Programu nyingi za aina hii hazimwoni mtu. Huuliza mfumo wa kompyuta swali moja tu: tangu kibodi au kipanya kiguswe mara ya mwisho, umepita muda gani? Kwenye Windows jibu hutolewa na amri iitwayo GetLastInputInfo. Muda huo ukivuka kikomo kilichowekwa, mfanyakazi huandikwa kuwa hayupo. ActivityWatch, programu huria inayojulikana sana, huanza na kikomo cha sekunde 180, na mtumiaji anaweza kukibadilisha.

Dakika tatu zinamtosha mtu anayechapa barua mfululizo. Kwa kazi nyingine ni chache mno.

Kazi ya takwimu za afya ni mfano ulio wazi. Kasongo na Kabambare ni kanda za afya, na kila kanda ina ofisi kuu ambayo watu huiita BCZ. Kila mwezi ripoti za vituo hufika huko, hukaguliwa, kisha huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika nchini. Mtu makini hachapi tarakimu mbio mbio. Anajumlisha upya safu ya wagonjwa wa malaria, anaona hesabu haikubaliani na rejista, anampigia simu muuguzi wa kituo, anasubiri mtandao urudi, anaandika pembeni kwa kalamu. Robo saa inapita bila kibodi kuguswa, na hiyo ndiyo robo saa inayoipa ripoti ukweli wake. Kasongo inaijua thamani ya kazi kama hiyo: mwaka 1981 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa timu ya Mradi wa Kasongo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa huko, kazi iliyotegemea kumbukumbu za watoto zilizotunzwa kwa uangalifu.

Vyanzo vya kosa

Chanzo cha kwanza ni umeme. Jenereta ikizimwa, kompyuta ya mkononi huhamia kwenye betri, na mipangilio ya betri kwa kawaida huilaza mapema kuliko ya umeme wa ukutani. Mfanyakazi anayesoma waraka mrefu hukuta skrini imezimika, naye ameshaandikwa kuwa ameondoka.

Cha pili ni saa ya kompyuta yenyewe. Mashine kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa hupoteza tarehe kila inapokosa umeme. Bila intaneti haiwezi kujirekebisha. Mtandao unaporudi, saa huruka mbele kwa ghafla, na programu inayotegemea saa hiyo huhesabu pengo lote kuwa ukimya.

Cha tatu ni majira. Kinshasa iko saa moja mbele ya saa ya dunia ya UTC, Maniema iko saa mbili mbele. Tuseme shirika limepanga kompyuta zote kwa majira ya Kinshasa, na zamu ni saa 2 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Mfanyakazi wa Kasongo anayefuata saa ya mji wake ataonekana ameanza saa 1 na kumaliza saa 9. Saa yake ya kwanza itaangukia nje ya zamu, na ya mwisho itakuwa tupu. Kila siku atadaiwa saa moja aliyokwisha kuifanyia kazi.

Vyanzo vingine vimo ndani ya programu. Windows hupima ukimya kwa kila kikao cha mtumiaji peke yake, hivyo kazi inayofanywa katika kikao kingine haionekani. Tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, macOS hudai ruhusa ya mtumiaji kabla programu haijafuatilia kibodi. Ruhusa ikikosekana, kipimo kinaweza kupotoka. Kwenye Linux, mfumo mpya wa Wayland huzizuia programu kusikiliza vibonyezo vya madirisha mengine, na vipimaji vilivyoundwa kwa X11, mfumo wa zamani, huweza kupitwa na kazi nyingi. Tena kuna kaunta ya zamani ya Windows inayohesabu milisekunde kwa biti 32: hujaa baada ya siku 49.7 na kuanza upya. Kompyuta inayolazwa kila jioni bila kuzimwa kabisa inaweza kufika huko, na programu iliyoandikwa bila kulifikiria hilo hutoa hesabu za ukimya zisizo na kichwa wala miguu.

Hatua za kurekebisha

Ukaguzi uanze na saa: tarehe iwe sahihi, na majira yawe ya Lubumbashi, ambayo ndiyo ya Maniema. Kisha ufuate umeme, yaani muda wa kulala ulinganishwe kwenye betri na kwenye chaja. Tatu ni ruhusa za mfumo na toleo la programu. Mashine izimwe kabisa na kuwashwa upya angalau mara moja kwa wiki.

Baada ya hapo ndipo jaribio lifanyike. Mfanyakazi anachapa kwa dakika kumi, anasoma karatasi kwa dakika kumi, anazungumza kwa simu kwa dakika kumi, huku akiandika nyakati kwenye daftari. Daftari likilinganishwa na rekodi, aina ya kosa hujitokeza. Ukimya ukionekana hata wakati wa kuchapa, tatizo ni ruhusa au kikao. Ukionekana wakati wa kusoma na simu pekee, tatizo ni kikomo, nacho kiongezwe kulingana na kazi. Programu ipangwe kumuuliza mtu anaporudi kwenye kibodi alikuwa akifanya nini, badala ya kufuta dakika zake yenyewe.

Upande wa sheria

Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 119, inaweka mwisho wa saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Muda huo huhesabiwa tangu mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi, tayari kwa mwajiri. Kibodi haitajwi. Kanuni ya masuala ya kidijitali iliyotolewa tarehe 13 Machi 2023 nayo inalinda data binafsi, zikiwemo zile zinazokusanywa kazini.

Maniema imewahi kuishi chini ya hesabu za kazi zilizopangwa na wengine. Utawala wa Kibelgiji ulianzisha kilimo cha lazima, pamba ikiwemo, mwaka 1917 kwa siku 60 kwa mwaka, na mwaka 1942 ukafikisha 120. Mkulima hakuwa na nafasi ya kuipinga hesabu hiyo.

Mfanyakazi wa leo anastahili nafasi hiyo. Mwajiri amwonyeshe rekodi yake, ampe njia ya kuirekebisha kabla mwezi haujafungwa, na asikate mshahara kwa kutegemea kipimo ambacho hakijajaribiwa kwenye kompyuta ile ile, katika ofisi ile ile, kwa umeme ule ule anaoutumia.