Chanzo cha Imani ya Ufufuo wa Mwili

Lugha ya Kigogo humtaja Mungu kwa jina Mulungu, na mizimu ya wahenga huitwa milungu. Ukaribu wa maneno hayo watuonyesha kwamba hata kabla wamisionari hawajaanza kazi Mpwapwa katika miaka ya 1870, Wagogo walikwisha kuamini kuwa kifo hakimtoi mtu katika ukoo wake. Swali linalotukabili tunaohubiri mazishini huku Bahi ni hili: je, ufufuo wa mwili ni jina jipya tu la imani hiyo ya kale?

Waisraeli nao walizikwa pamoja na baba zao, na waliamini kwamba wafu wote hushuka kuzimu, mahali pa kimya. Maono ya mifupa mikavu katika Ezekieli 37 yalihusu kwanza taifa lililokuwa uhamishoni. Fundisho la wazi la wafu kuamka lapatikana katika Danieli 12:2, maandishi ambayo wataalamu wengi huyaweka karibu na mwaka 165 K.K., wakati wa dhiki ya Antioko Epifane. Wacha Mungu waliuawa kwa kuishika Torati. Ikiwa Mungu ni mwenye haki, atawatendea nini waliopoteza miili yao kwa ajili yake? Katika 2 Makabayo 7 mmoja wa ndugu saba anyosha mikono yake ikatwe, akitumaini kurudishiwa na Mungu. Hivyo tumaini hili lilikua kutokana na swali la haki.

Hata hivyo si Wayahudi wote waliolikubali. Masadukayo walilikataa, Mafarisayo wakalishika (Mdo 23:8). Wayunani waliofuata mafundisho ya Plato waliona mwili kuwa kifungo cha roho. Kwao kurudishiwa mwili hakukuwa habari njema.

Paulo, Mfarisayo, aliwaandikia Wakorintho kati ya mwaka 53 na 55 B.K. kwamba aliwapa yale aliyoyapokea (1 Kor 15:3). Basi ungamo hilo lilikuwapo kabla ya waraka wake. Jambo jipya ndani yake ni kwamba ufufuo uliotazamiwa siku ya mwisho, kwa wote pamoja, umekwisha kuanza kwa mtu mmoja aliyesulibiwa. Ndiyo maana Paulo amwita Kristo limbuko. Mkulima wa mtama alijua neno hilo: masuke ya kwanza ni sehemu ya mavuno yenyewe, wala si kivuli chake.

Kwa hiyo tusiwadharau wazee wetu waliokataa kumsahau marehemu. Lakini milungu huishi maadamu ukoo wawakumbuka. Mtoto aliyekufa kwa njaa, au mgeni aliyezikwa pasipo ndugu, hana wa kumtambikia. Ufufuo wategemea kumbukumbu ya Mungu peke yake, naye aliyeumba mwili hatauacha mavumbini. Tukihubiri roho tu mazishini, twawanyima maskini hao haki yao.