Kapiteni Joubert na jembe la Cincinnatus

Waseminari wanaosoma Kilatini wanamjua Cincinnatus. Titus Livius asimulia ya kuwa, katika mwaka 458 mbele ya Kristu, wajumbe wa Roma walimkuta akilima shamba lake ng'ambo ya mto Tiberi. Wakampa mamlaka yote ili aokoe jeshi lililozingirwa na Waekwi. Akashinda, na siku ya 16 akayaweka mamlaka chini, akarudi shambani.

Sisi watu wa Kalemie tunao mfano wa karibu, huko Mpala, kando ya ziwa letu. Kituo hicho kilianzwa na Mbelgiji Storms mwaka 1883. Mwaka 1885 kikaachiwa Mapadri Weupe. Wateka watumwa walikuwa wakiharibu nchi. Mwaka 1887 akafika Leopold Joubert, Mfaransa, zamani askari wa Papa, ametumwa na Kardinali Lavigerie. Alifundisha vijana vita, akalinda vijiji, akaamua mashauri. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye kwa ndoa ya Eklezya.

Vita vya watumwa vilipokwisha, Kapiteni hakutafuta cheo wala hakurudi kwao. Alikaa na jamaa yake upande wa Moba, na huko akafa mwaka 1927, macho yake yamekwisha pofuka. Wawili katika watoto wake walikuwa mapadri.

Lakini sharti tuseme kweli yote. Cincinnatus aliitwa na mji wake mwenyewe. Joubert hakuitwa na wazee wa Watabwa. Waliokimbilia misioni walipata usalama, lakini sheria waliyoikuta haikutungwa nao, na masultani walipunguziwa nguvu. Tena Desemba 1884 watu wa Storms walikuwa wamemwua sultani Lusinga, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji. Anayekumbuka kifo hicho hawezi kuiona bunduki ya mgeni kuwa baraka tupu.

Basi tumpimeje Kapiteni? Tusimfanye mtakatifu kwa haraka, wala tusimweke pamoja na wanyang'anyi. Mamlaka aliyopewa yalikuwa na kasoro tangu mwanzo; yeye mwenyewe hakuyatumia kwa kujitajirisha. Ndugu waseminari, kesho ninyi mtatumwa kwenye parokia ambazo hazikuwachagua. Waulizeni wazee wa pale kabla ya kuamuru neno, na siku ya kuondoka msichukue kitu chao.