Leptis Magna, Mji Uliojengwa kwa Mafuta

Mgeni aingiapo katika magofu ya Leptis Magna, pwani ya Libya, kilomita zipatazo 130 mashariki ya Tripoli, hupokelewa na tao la Kaizari Septimius Severus, aliyezaliwa hapa mwaka 145 na kuitawala Rumi kuanzia 193 hadi 211. Wengi hupiga picha, wakaondoka wakiamini wameona kazi ya Warumi tu.

Mji huu ulianzishwa na Wafoinike karne nyingi kabla Rumi haijafika, na utajiri wake ulitoka kwenye mizeituni. Julius Caesar alipowatoza wenyeji faini kwa kuwasaidia mahasimu wake, alidai ratili milioni 3 za mafuta kila mwaka. Hatozwi hivyo fukara.

Utajiri huo unaonekana zaidi sokoni. Soko lilijengwa mwaka 8 K.K. kwa fedha za tajiri wa mjini, Annobal Tapapius Rufus, ambaye baadaye alijenga na ukumbi wa maonyesho unaotazama bahari. Jina lake la kwanza ni la Kifoinike, la mwisho la Kilatini, na maandishi aliyochongesha ukumbini yako katika lugha zote mbili. Humo sokoni liliwekwa jiwe la vipimo: dhiraa ya Wafoinike, futi ya Kirumi na dhiraa ya Misri, zote bega kwa bega. Muuza vitambaa na mteja wa ng'ambo wangeweza kumaliza ubishi wao papo hapo.

Severus alipopata ukaizari hakusahau kwao. Alileta marumaru ya Ugiriki na granaiti ya Aswan, akajenga uwanja mpya, basilika na bandari kubwa. Bandari ilijaa mchanga. Mchanga ukaja kuufunika mji pia, na ndio uliouhifadhi mpaka Waitaliano walipoanza kuufukua katika miaka ya 1920.

Nguzo nyingi hazikungoja. Mwishoni mwa karne ya 17 balozi mdogo wa Ufaransa alizisafirisha kwa mamia kumpelekea Mfalme Louis XIV. Mwaka 1816 mwenzake wa Uingereza, Hanmer Warrington, naye akachukua zake; leo zimesimama Virginia Water, karibu na Windsor huko Uingereza, zimepangwa zionekane kama magofu. Kubomoa magofu ya kweli ili ujenge ya bandia!

UNESCO iliutambua mji huu kuwa urithi wa dunia mwaka 1982, na mwaka 2016 ikauweka katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya vita. Anayetaka kwenda aulizie kwanza usalama. Akipata njia, alipite lile tao, aanzie sokoni.