Mambo Yanayoamua Uwezo wa Gari Kubeba na Kuvuta Mzigo

Kila gari lina kikomo cha uzito, na kikomo hicho hakitokani na nguvu ya injini pekee. Fremu, ekseli, springi, matairi na breki hutazamwa kwa pamoja, na sehemu iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayoweka mpaka.

Mzigo unaoruhusiwa hupatikana kwa kutoa uzito wa gari tupu katika jumla ya uzito iliyowekwa na mtengenezaji. Kwa mfano, pikapu yenye kikomo cha kilo 3,000, ambayo ikiwa tupu ina kilo 1,900, inaweza kubeba kilo 1,100. Watu wanne wenye kilo 70 kila mmoja huchukua kilo 280, hivyo shehena haipaswi kuzidi kilo 820.

Kuvuta tela kuna kikomo chake. Huangaliwa jumla ya uzito wa gari na tela, uwezo wa injini na gia kuhimili joto mlimani, uimara wa kiungio na, zaidi ya yote, breki. Gari linaloweza kuvuta tela huenda lisiweze kulisimamisha mteremkoni. Aidha, sehemu ya uzito wa tela, aghalabu takribani asilimia 10, huegemea gari lenyewe na huhesabiwa kuwa mzigo wake.

Baadhi ya wamiliki huongeza majani ya springi wakidhani wameongeza uwezo. Gari huacha kuinama, lakini ekseli, matairi na breki hubaki vilevile.

Kwa malori, sheria huweka mpaka wa pili ili kulinda barabara. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani, tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne, na jumla isiyozidi tani 56. Uharibifu wa barabara hukua kwa kasi kuliko uzito: ekseli ikizidishiwa asilimia 20, madhara hufikia takribani mara mbili. Ndiyo maana mizani hupima kila ekseli, na lori lenye jumla halali linaweza kukutwa na kosa endapo mzigo umeelemea ekseli moja.

Wamiliki na madereva wanashauriwa kusoma bamba la mtengenezaji, kukagua upepo wa matairi na kusambaza mzigo sawasawa kabla ya kuanza safari.