WAGENI WA MAJIRA NA MAENDELEO YA VIJIJI VYA PWANI

Kwa Wazee wetu wa heshima na Wanachama wote wa Chama,

Taarifa ya mwaka huhesabu fedha zilizoingia na zilizotoka, na wanachama waliojiunga na waliotutangulia mbele ya haki. Lakini vijiji vyetu vya pwani vina hesabu nyingine isiyoandikwa katika daftari lolote, nayo ni hesabu ya watu wajao na pepo na kuondoka na pepo. Tangu Vanga hata Kiunga hapana mji wa pwani uliokua kwa nguvu za wenyeji peke yao. Visima, misikiti, masoko, ujuzi wa nyavu, hata nasaba za watu, vina mkono wa mgeni ndani yake.

Nimeona yafaa kuandika habari zao katika kijitabu hiki kwa sababu siku hizi maneno ni mengi bandarini. Wako wasemao kuwa mgeni humaliza samaki wetu, na wako wasemao kuwa mgeni asipokuja soko hulala. Historia yaonyesha kwamba pande zote mbili zina ukweli, na kwamba jambo lililoamua faida au hasara lilikuwa masharti aliyopewa mgeni siku aliyoshuka pwani.

Pepo mbili

Kaskazi huvuma yapata Novemba au Desemba hata Machi, na kusi huanza Aprili na kuendelea hata Septemba au Oktoba. Wakati wa kaskazi bahari hutulia, mvuvi akaweza kutoka nje ya mwamba. Kusi ikishika, mawimbi huwa makali, na vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba au hupandishwa pwani.

Kwa pepo hizo majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalifika kwetu na kaskazi, yakileta tende, chumvi, papa mkavu na mazulia, na kurudi na kusi yakichukua boriti za mikoko, nafaka na bidhaa nyingine za bara. Nahodha aliyefika Januari hakuweza kurudi kwao mpaka pepo zigeuke. Kwa hiyo yeye na mabaharia wake walikaa wiki nyingi, pengine miezi, katika mji usio wao. Walihitaji chakula, maji, mahali pa kulala, fundi wa kukalafati chombo, na mtu wa kuwadhamini. Safari hizo zilipungua sana katika karne ya ishirini, na mwaka 1982, serikali ya Kenya ilipokataza boriti kupelekwa nchi za nje, moja ya shehena zao kubwa ilikoma.

Desturi ya mwenyeji

Wazee wa kale hawakumwacha mgeni huyo azurure. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, ametuachia habari ya desturi aliyoikuta Mogadishu. Chombo kikitia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema kwamba huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alishukia nyumba ya mwenyeji wake, isipokuwa kama alikwisha kuujua mji na watu wake. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia mali. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia kitu bila ya mwenyeji kuwapo, biashara hiyo ilihesabiwa kuwa batili.

Na tuitazame desturi hiyo kwa makini. Mgeni alilindwa asidhulumiwe, na mji nao ulilindwa, kwa kuwa kila mgeni alikuwa na mtu mmoja anayejulikana wa kujibu kwa ajili yake. Miji mingi ya Waswahili ilikuwa na desturi za namna hii. Ndiyo maana neno letu “mwenyeji” lina maana mbili: mtu wa mahali, na mtu aliyempokea mgeni. Waliotuachia lugha hii waliona kuwa mambo hayo mawili yaenda pamoja.

Dago la wavuvi

Wageni wa majahazi walishukia miji mikubwa. Vijiji vidogo vilipata wageni wa namna nyingine, nao ni wavuvi wa dago. Dago ni kambi ya muda ambayo wavuvi huipiga mbali na kwao kufuata samaki. Waliosifika sana kwa kazi hiyo ni watu wa Pemba, hasa wa kisiwa cha Kojani, na kwa upande wa kaskazini Wabajuni wa visiwa vya Lamu. Majira ya kaskazi yakikaribia, Wapemba walivuka mkondo na kushukia Vanga, Shimoni, Wasini, Gazi na Msambweni, na wengine walipanda hata Kilifi, Watamu, Mayungu na Malindi. Masika yakikaribia, waling'oa kambi na kurudi makwao.

Dago lilikuwa na utaratibu wake. Nahodha ndiye mkubwa. Samaki wakiuzwa, gharama ziliondolewa kwanza, kisha chombo kilipata fungu lake, nyavu fungu lake, na mabaharia fungu lao. Mara nyingi alikuwapo tajiri aliyekopesha nyavu na chakula, naye alikuwa na haki ya kununua samaki.

Kijiji nacho kilikuwa na utaratibu wake. Katika vijiji vya Wadigo, kusini mwa Mombasa, wazee walikuwa na mamlaka juu ya sehemu zao za bahari kama walivyokuwa nayo juu ya mashamba. Wageni walitakiwa kwenda kwa wazee hao kuomba ruhusa na kushiriki katika sadaka ya bahari, na walikatazwa nyavu au mahali palipokatazwa. Wako waliodhani kwamba sadaka ile ilikuwa mambo ya mizimu tu. Lakini hata mtu asiyeiamini huona kazi iliyofanya: iliwakutanisha mgeni na mzee uso kwa uso kabla ya nyavu kuingia majini, na ikamtaka mgeni akiri mbele ya watu kwamba bahari ile ina wenyewe.

Kijiji kilipata nini? Kwanza, ujuzi. Jamii nyingi za Wamijikenda zilikuwa za wakulima zaidi kuliko wavuvi wa maji makuu, na vijana wao wengi walijifunza jarife, mishipi ya kina kirefu na uendeshaji wa vyombo kwa kufuatana na Wapemba na Wabajuni. Pili, soko. Dago lilipokuwa na samaki, wakina mama waliokaanga na kuuza, ambao siku hizi huitwa mama karanga, walipata mtaji. Mwenye mnazi aliuza nazi, na mwenye shamba aliuza muhogo. Tatu, undugu. Mgeni aliyerudi kaskazi kwa kaskazi mwishowe alioa, akajenga, akazika na kuzikwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mpemba alikuja na jembe lake mwenyewe, nalo lilikuwa nyavu.

Hasara nazo zilikuwapo, wala haifai kuzificha. Mgeni aliyejua kwamba ataondoka Machi hakuwa na sababu kubwa ya kuhurumia mwamba. Juya lilikokota hata samaki wachanga na kuvunja matumbawe, na serikali ililipiga marufuku mwaka 2001. Ringineti, yaani nyavu ndefu inayozungushiwa kundi zima la samaki na kufungwa chini kwa kamba, ililetwa kwetu hasa na wavuvi wahamaji wa Pemba, nayo ilizusha ugomvi katika bandari kadhaa kati ya wenye mitego midogo na wenye vyombo vikubwa. Pia sehemu za kuvulia zilipungua kwa sababu nyingine. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ya Kisite ikafuata katika miaka ya 1970. Samaki walipopungua, mgeni ndiye aliyekuwa mwepesi kulaumiwa, hata pale ambapo kijana wa kijiji alikuwa amevuta juya lile lile.

Mpaka ulipomfikia mgeni

Hapa pana jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Kabla ya mwaka 1963, ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa Waingereza ndio walioutawala tangu 1895. Pemba nayo ilikuwa ya Sultani huyo huyo. Basi mvuvi aliyetoka Kojani akashuka Vanga alitoka katika nchi ya Sultani akaingia katika nchi ya Sultani. Wapemba wengi walifanya makao katika pwani hii tangu miaka ya 1930 na 1940, wala hakuna aliyewaambia kwamba wamevuka mpaka.

Mwezi wa Oktoba 1963 ilifanyika mapatano ya kuunganisha ukanda huo na Kenya. Zanzibar ilipata uhuru wake Desemba 10, na Kenya Desemba 12. Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar, na watu wengine wa Pemba wakakimbilia kwa jamaa zao upande huu. Mtu aliyelala mgeni wa majira akaamka mgeni wa serikali, na mkondo aliouvuka babu yake ukawa mpaka wa nchi mbili.

Tokeo lake lilionekana polepole. Kila jambo la maendeleo lililoanzishwa lilidai kitambulisho. Asiyekuwa nacho hakuweza kupata leseni ya uvuvi kwa jina lake, wala kufungua akaunti ya benki, wala kumiliki ardhi kwa hati, na watoto wake walikosa vyeti vya kuzaliwa. Sheria ya Uraia ya 2011 ilifungua mlango kwa watu wasio na nchi waliokuwa wameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, lakini waliopita katika mlango huo walikuwa wachache. Kanuni za mwaka 2007 zilizoanzisha kamati za usimamizi wa bandari za wavuvi, zijulikanazo kwa herufi BMU, zilikuwa hatua njema, kwa kuwa ziliwapa wavuvi wenyewe sauti. Lakini palipo na leseni na daftari, asiye na karatasi hubaki nje. Wavuvi wengi hodari walifanya kazi kwa majina ya watu wengine, chombo kikiandikwa kwa jina la jirani au la tajiri. Mgeni alipoteza haki yake, na kijiji kilipoteza mtu wa kuulizwa. Desturi aliyoiona Ibn Battuta ikawa imepinduliwa: mgeni alikuwapo, lakini hakuna aliyemjibia kwa jina lake la kweli.

Mwezi wa Julai 2023, huko Kilifi, serikali chini ya Rais William Ruto iliwakabidhi Wapemba wa Kenya vitambulisho vya uraia. Jamii hiyo ilikadiriwa kuwa na watu wapatao 7,000. Wengi wao walikuwa wajukuu wa watu waliokuja kwa dago moja tu.

Wageni wa starehe

Siwezi kumaliza bila kutaja wageni wa majira wa namna ya tatu. Tangu miaka ya 1930, hoteli za kwanza zilipofunguliwa Malindi, wako watu wajao kuikimbia baridi ya kwao. Waitaliano waliongezeka baada ya kituo cha San Marco kuanzishwa Ngomeni katika miaka ya 1960, ambako setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1967. Wengine wamejenga nyumba wazikaazo miezi michache na kuzifunga miezi mingi. Wameleta kazi na fedha, na wako waliosaidia shule na zahanati. Lakini mahali pengi ukuta umejengwa juu ya njia ambayo wavuvi waliipita kwenda baharini. Kosa hili ni lile lile la juya, ila limevaa nguo nyingine: mgeni ameingia bila kuonana na wazee, na kijiji hakikusema masharti yake mapema.

Mafunzo kwa Chama

Katika habari hizi naona mambo matatu ambayo Chama chetu chaweza kuyatenda bila kungoja fedha za serikali.

La kwanza, kila bandari na iwe na daftari ya wageni: jina la nahodha, atokako, idadi ya watu wake, aina ya nyavu, siku ya kufika, na jina la mwenyeji anayemdhamini. Wanachama wanaofanya kazi za ukarani Mombasa na Nairobi waweza kuwafundisha vijana wa nyumbani kuiandika vizuri.

La pili, ada anayotoa mgeni na iwe moja, ijulikane na wote, itolewe risiti, na isomwe hadharani mwisho wa kaskazi. Ada ikiingia mfukoni mwa mtu mmoja huzaa fitina. Ikinunua bati la zahanati au ikifukua kisima, mwaka ujao mgeni mwenyewe atakunywa maji yake.

La tatu, jirani aliyekaa kwetu miaka mingi, na hasa aliyepata kitambulisho chake, na aitwe katika mikutano na kupewa kazi katika kamati. Haifai kumwomba mchango wa harambee mchana na kumwita mgeni usiku.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika maneno hayo mna sharti: mwenyeji hawezi kupona kama hakuwapo pwani kumpokea mgeni, kumwambia desturi za mji, na kumwonyesha mahali pa kutia nanga. Kaskazi itavuma tena mwaka huu, na tanga zitaonekana. Wazee wetu na wawe tayari, na daftari iwe mezani.

Mimi wenu katika utumishi,
Karani wa Chama