Ueleaji wa mzamiaji
Ueleaji ni tofauti kati ya uzito wa mzamiaji, pamoja na vifaa vyake, na uzito wa maji anayoyasukuma kando. Suti ya mpira huelea, hivyo mzamiaji hujifunga mkanda wenye vipande vya madini ya risasi. Mita 10 chini, mgandamizo huwa maradufu ya ule wa juu. Suti husinyaa na kupoteza ueleaji, naye mzamiaji huongeza hewa kwenye jaketi lake la kuelea asizidi kuzama. Kosa lililoenea mno ni risasi nyingi kupita kiasi: miguu huning'inia, mapezi yakavunja matumbawe yaliyokua kwa miaka mingi. Mwili ulale mlalo. Risasi hupimwa mtungi wa hewa ukikaribia kwisha, kwani hewa iliyopumuliwa, takribani kilo 2, humwacha mzamiaji akiwa mwepesi zaidi.